Mafua ya ndege yanatokaje ziwani mpaka bandani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Oktoba hivi, ndege wa kutoka Ulaya na Urusi wakianza kujaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya samaki inapotua, maswali yanaanza kumiminika kwenye simu yangu, na mengi ni yale yale. Nimeona niyaweke sehemu moja. Mimi nafuga hapa Mwanza, kuku wa kienyeji na bata wachache, sio daktari wa mifugo, ila haya mambo nimeyafuatilia tangu 2017 yalipotokea ng'ambo ya ziwa kwa majirani zetu Waganda.

Mafua ya ndege si ndio haya haya mafua ya kuku?

Hapana, na hili jina limetuchanganya watu wengi sana. Mafua ya kuku tuliyozoea, yale ya kuvimba uso, jicho linafunga, makamasi yananuka, yale yanaletwa na bakteria na ukiwahi dawa kuku wengi wanapona. Mafua ya ndege ni kirusi, influenza A, ndugu yake hii mafua ya binadamu, na antibiotiki haikigusi hata ukimwaga kopo zima kwenye maji. Mtu akikuambia "mimi mafua ya ndege nilitibu mwaka jana kwa unga wa elfu tano", ujue alitibu kitu kingine.

H5N1, H5N8, hizo herufi ni za nini?

Kirusi kina protini mbili kwa nje, H ya kunasia kwenye seli na N ya kujinasulia kutoka. Kwa ndege kuna aina 16 za H na 9 za N, zinachanganyika zinavyotaka, ndio unapata H5N1, H9N2 na wenzake. Wa kuogopa kwa mfugaji ni H5 na H7, kwa sababu ndio zina tabia ya kugeuka kuwa kali. Kali maana yake banda linaweza kwisha ndani ya siku mbili tatu. Zile nyingine nyingi zinapita kama kikohozi tu, mayai yanapungua kidogo basi.

Kwanini bata wa porini anakibeba na haumwi, kuku akikipata anakufa?

Hapa ndipo kwenye utamu wa stori yenyewe. Bata maji, shakwe, buabua na ndege wengine wa kandokando ya maji wameishi na virusi hivi miaka na miaka, vile vya upole, vinakaa kwenye utumbo, vinatoka na kinyesi, vinaingia majini, bata mwingine anakunywa, mchezo unaendelea. Bata akiwa anakufa haraka kirusi nacho kingekosa usafiri, kwa hiyo pale porini ukali haukilipi.

Sasa kichukue hicho hicho kiweke kwenye banda la kuku elfu kumi waliobanana, wote umri mmoja, wote damu moja. Pale kirusi hakina haja ya kumwacha ndege akiwa mzima ili asafiri, jirani yuko sentimita kumi. Kinabadilika kidogo tu sehemu ile ya H, na badala ya kushambulia utumbo na njia ya hewa peke yake kinaanza kushambulia mwili mzima, mpaka ubongo na moyo. Ukoo wa H5 unaosumbua dunia leo ulionekana kwa bata bukini wa kufugwa kule Guangdong, China, mwaka 1996. Rudia kusoma hapo, wa kufugwa. Mwaka uliofuata ukaingia Hong Kong, watu 18 wakaugua na 6 wakafa, na serikali ikaua kuku wote wa mji, karibu milioni moja na nusu.

Alafu ukali ule ukarudi porini. Mei 2005 kwenye ziwa Qinghai, China, ndege pori zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao bata bukini wanaohamahama. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba ndege pori "wametuletea", huwa namwambia na sisi tuliwapelekea.

Ndege pori wenyewe kwa wenyewe wanaambukizanaje?

Maji kwanza. Kinyesi kikiingia kwenye dimbwi la baridi kirusi kinaweza kukaa hai wiki kadhaa. Kinyesi chenyewe kikiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi kinabaki na virusi hai zaidi ya mwezi, kwenye joto letu hili ni siku chache. Ndio maana Ulaya ugonjwa unawaka sana kipindi cha baridi, na ndio maana jua letu ni rafiki, ila rafiki asiyeaminika, maana chini ya mti wa kivuli, kwenye tope, jua halifiki.

Pili ni msongamano. Ndege wa baharini wanataga pamoja kwenye kisiwa kimoja, kiota kwa kiota, mmoja akiugua ni kama kwenye bweni. Afrika Kusini mwaka 2021 minandi ya Cape ilikufa zaidi ya 20,000. Tatu ni wala mizoga. Tai, shakwe wakubwa, kunguru, wanamkuta bata amelala pembeni mwa maji wanamla na kirusi chake chote. Kule Peru na Chile kirusi kilipomaliza mwari na ndege wengine wa pwani kikahamia kwa simba-bahari, wakafa zaidi ya 20,000, na Argentina mwaka 2023 pale Península Valdés watoto wa sili tembo wapatao 17,000 walikufa msimu mmoja. Hao ni wanyama wa kunyonyesha, sio ndege tena, ndio maana wataalamu wakapata kiwewe.

Ndege mgonjwa anawezaje kuruka kutoka Siberia mpaka Victoria?

Hahitaji. Watu wanafikiria bata mmoja ana homa anapiga safari ya kilomita elfu saba na begi lake la virusi. Wapo wanaobeba bila kuonyesha dalili, hasa baadhi ya bata, lakini mara nyingi ni kama mbio za vijiti. Bata anatoa virusi siku kadhaa, labda wiki au zaidi kidogo, ndani ya hizo siku ameruka mpaka bwawa linalofuata, pale amekuta wenzake wa kutoka upande mwingine, wamekula pamoja, anabaki yeye wanaondoka wao. Kijiti kinatoka Urusi kinafika Bahari ya Caspian, kinashuka mto Nile, mikono imebadilika mara nyingi. Njia hizi za ndege hawa zinajulikana, ile ya Afrika Mashariki na Asia Magharibi inapita juu yetu kabisa, bonde la ufa na maziwa yake ni kama stendi ya mabasi. Wanaanza kuingia Septemba, Machi Aprili wanarudi.

Kwetu ulishafika au ni habari za kwenye TV tu?

Ulifika Uganda. Mwanzoni mwa Januari 2017 wavuvi wa ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, walianza kuona ndege wamekufa wanaelea, wengi wao buabua wenye mabawa meupe, wale wadogo wanaokuja kwa makundi makubwa sana kila mwaka kutoka kaskazini. Upande wa Masaka nako ikawa hivyo hivyo, na kule ikaonekana mpaka kwa bata na kuku wa kufugwa kwenye vijiji vya kando ya ziwa. Maabara ikasema H5N8. Tarehe 15 serikali yao ikatangaza, ndani ya siku chache Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka Uganda. Baadaye mwaka ule ule ukaonekana Kongo, mkoa wa Ituri, upande wa ziwa Albert.

Ninachokipenda kwenye kisa cha Lutembe ni kwamba aliyegundua hakuwa profesa. Ni mvuvi aliyeona kitu hakiko sawa akasema. Angenyamaza, au angeokota akapeleka nyumbani kwa mboga, tungekuwa tunaongea mengine.

Na Afrika kwa ujumla kuingia kwake kulikuwaje? Februari 2006 Nigeria, jimbo la Kaduna, na hakukuanzia kwenye kijiji cha kando ya maji, ilikuwa shamba kubwa la biashara. Misri mwezi huo huo. Wasomi wamebishana miaka je ni ndege pori au ni biashara ya vifaranga, na jibu la kweli ni kwamba vyote vilikuwa na mkono, sehemu tofauti kwa viwango tofauti.

Kutoka ziwani unaingiaje kwenye banda langu? Mimi sina bata pori hapa.

Huna, ila una kitu kinachounganisha. Nenda mwaloni asubuhi saa mbili utaona. Dagaa wameanikwa kwenye nyavu juu ya mchanga, buabua na yangeyange wanatembea juu yake kama wamealikwa, wanadonoa, wanakunya hapo hapo, mtoto anawafukuza kwa fimbo wanaruka mita tano wanarudi. Kuku wa wenye nyumba za jirani nao wapo katikati yao. Bata wa kufugwa wa mama mmoja pale wanashinda majini na jioni wanarudi kulala banda moja na kuku. Huyo bata wa kufugwa ndio daraja. Mchana yuko na wageni, usiku yuko na wenyeji.

Njia nyingine ni maji. Ukichota ziwani au kwenye bwawa ukamimina moja kwa moja kwenye chombo cha kuku, umekifupishia kirusi safari yote. Nyingine ni mguu wako, umekanyaga kinyesi kwenye majani ya kando ya maji, umeingia bandani na viatu vile vile. Nyingine ni chakula kinachomwagika nje, kinaita shomoro, kunguru, njiwa pori. Hawa wadogo sio wabebaji wakubwa kama bata, lakini wanaingia kila mahali.

Hao dagaa wa kulisha kuku je? Jua kali na ukavu vinapunguza sana nguvu ya kirusi, kwa hiyo dagaa aliyekauka vizuri simwogopi. Mbichi mbichi wa siku moja, mwenye michirizi ya kinyesi cha ndege, mimi siweki. Nikinunua naanika tena juu ya bati siku mbili, na nachoma kidogo nikiwa na mkaa.

Ukishaingia kijijini, banda kwa banda unapitaje?

Hapa naomba mtu asome taratibu, maana ndio swali lenyewe na watu wanaliruka. Ndege pori anakileta kirusi mpaka mlangoni. Kukitembeza mtaa mzima ni kazi yetu sisi. Matenga, trei za mayai, magunia ya chakula, tairi za bodaboda ya mchuuzi, buti za mchanjaji, mbolea ya kuku inayouzwa kwa watu wa bustani ya mchicha, kuku wa mahari, kuku wa zawadi kwa shangazi.

Nitasema langu. Miaka michache nyuma niliazima tenga kwa rafiki nikachukulie mitetea sita gulioni. Tenga la fito, lile la kawaida, na pale fito zinapokutana kulikuwa na kinyesi kimekauka kimegeuka kama saruji, nikaona nikaona, nikasema nitaosha nikirudi. Sikuosha. Siku ya tano mtetea mmoja kainamisha kichwa, ya saba shingo imepinda, ndani ya wiki mbili nimezika kuku thelathini na kitu. Ulikuwa mdondo, wengine wanaita kideri, sio mafua ya ndege, na kosa lilikuwa langu kwamba chanjo nilichelewesha. Lakini njia iliyotumika ni ile ile kabisa. Rafiki yangu alikuwa amepoteza kuku mwezi uliopita hakuniambia, na mimi sikumuuliza, si unajua aibu zetu, mtu kuku wakifa anaona kama amelogwa au amefanya uchafu, ananyamaza.

Na kubwa kuliko vyote ni kuuza haraka. Kuku wameanza kufa watano, mtu anakimbiza waliobaki sokoni "kabla hasara haijawa kubwa". Nawaelewa, ada ya shule iko pale bandani. Ila wale kuku wanaoonekana wazima jioni ile ndio wanaotembea na ugonjwa kwenda mitaa kumi tofauti.

Hata huko kwa wakubwa ni hivyo hivyo. Marekani Machi 2024 kirusi kilikutwa kwa ng'ombe wa maziwa, Texas na Kansas, na kilipokwisha kuingia kwenye mazizi hakikuhitaji ndege tena, kilipita kwenye vyombo vya kukamulia na magari ya kuhamisha ng'ombe kutoka jimbo hadi jimbo, kikarudi mpaka kwenye mashamba ya kuku.

Soko la kuku hai lina shida gani, mbona tumenunua hapo tangu utoto?

Shida ni kwamba halilali. Kuku wa Singida, wa Shinyanga, bata wa hapa hapa, kanga wa porini, wote kwenye tenga moja au yaliyopangwa juu kwa juu, wa juu anamnyea wa chini, wasiouzwa leo wanakutana na wapya wa kesho. Kirusi kinapata kuku wapya kila siku bila kutafuta. Hong Kong baada ya ile 1997 walitenganisha bata na kuku sokoni, baadaye wakaongeza siku za kufunga soko, wanatoa ndege wote, wanaosha, linakaa tupu, na virusi vikapungua sana. Soko kukaa tupu siku moja kwa mwezi na kupigwa maji na sabuni, hiyo haihitaji mfadhili.

Unaruka kwa upepo?

Ndani ya banda ndio, vumbi la manyoya na kinyesi linabeba. Banda na banda yaliyo karibu sana inawezekana pia. Ila kusema umevuka mji kwa upepo, hapana, tafuta nani alipita na pikipiki.

Panya, nzi, paka?

Panya na nzi wanabeba kwa miguu na mwili kama kiatu kinavyobeba. Paka ni habari tofauti, yeye anaugua kweli na anakufa, akila ndege mwenye ugonjwa au hata maziwa mabichi, kule Marekani paka wa mazizini walikufa kwa kunywa maziwa ya ng'ombe wenye kirusi. Kwa hiyo mzoga usimtupie paka wala mbwa.

Nitatofautishaje na mdondo?

Kwa macho huwezi, na bwana mifugo mzuri atakuambia hivyo hivyo kwamba bila sampuli kwenda maabara hawezi kuapa. Vyote viwili vinaua haraka. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni hivi: kuku wanakufa ghafla bila hata kuugua, vilemba na ndevu zimekuwa zambarau, uso umevimba, kuna madoa ya damu kwenye miguu pale pasipo na manyoya, mayai yamekatika ghafla au yanatoka laini, na kuku wenyewe walishachanjwa mdondo vizuri. Ukiongeza na habari kwamba kuna ndege wamekufa mwaloni wiki hiyo, hapo usisubiri kesho. Bata anaweza asionyeshe chochote, au akawa anazungukazunguka kama amelewa.

Sasa wameanza kufa, nifanye nini leo?

Usiuze, usichinje, usigawe. Funga banda, mtu mmoja tu ndio aingie. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata, na kama hapatikani nenda ofisi ya mtaa waambie wakutafutie. Mizoga usiitupe ziwani wala jalalani, jalalani kuna korongo na kunguru, wanaokoteza hao. Usishike kwa mikono mitupu, vaa glovu, ukikosa tumia mfuko wa nailoni, funika pua na mdomo. Kama wachukua sampuli wapo njiani waachie mizoga miwili mitatu ya leo ndani ya mfuko mara mbili, iliyobaki shimo refu, mbali na kisima, chokaa juu kama unayo, udongo ushindiliwe mbwa wasifukue.

Hofu ya watu ni kwamba ukisema wanakuja kuua wote na hulipwi. Hofu hiyo ina msingi, nchi zinatofautiana sana kwenye fidia, na pale ambapo fidia haipo watu wanaficha, hiyo imeonekana dunia nzima sio kwa Waswahili tu. Ukinyamaza lakini kirusi kitawamaliza hao hao bado, na cha jirani utakuwa umekibeba wewe.

Wale vifaranga wa Namanga waliochomwa, ilikuwa lazima?

Oktoba 2017 pale mpakani vilichomwa vifaranga 6,400 vilivyoletwa kutoka Kenya, mamlaka zikasema vimeingia kinyume cha sheria na ni kinga ya mafua ya ndege. Ikawa kelele nchi mbili. Maoni yangu, chukua au acha: kifaranga wa siku moja mwenyewe sio mbebaji mkubwa wa aina kali, maana yai lenye kirusi kikali mara nyingi halitotoi. Hatari ipo zaidi kwenye maboksi, gari na mahali vilipotoka. Kuzuia mpakani kabla vijidudu havijaenda ni sawa, namna ya kuvimaliza tungeweza kuwa na utu zaidi. Alafu kitu kimoja, ukifunga mpaka rasmi bila kuweka njia halali, vifaranga vinapita kwa njia za panya usiku, na huko hakuna anayepima.

Nyama na mayai nile nisile?

Kula, pika vizuri. Nyuzi 70 mpaka katikati ya nyama kirusi kimekufa, na mboga zetu zinachemka mpaka mfupa unaachia kwa hiyo hapo tuko salama kuliko wenzetu wa kula mayai yanayotiririka. Hatari iko kabla ya sufuria, kwenye kuchinja, kunyonyoa, kutoa utumbo, damu inarukia usoni, na anayefanya hiyo kazi mara nyingi ni mama au watoto. Kuku aliyekufa mwenyewe au aliyechinjwa akiwa anakata roho asiliwe, najua itaumiza.

Binadamu tunaambukizwa?

Inatokea, sio kirahisi. Tangu 2003 dunia nzima wagonjwa wa H5N1 waliothibitishwa wamepita 900, na karibu nusu walikufa, ingawa wale wenye dalili ndogo wengi hawakupimwa. Misri peke yake ilikuwa na zaidi ya 350, wengi ni watu wa kuku wa nyumbani. Mtu kumwambukiza mtu kumekuwa nadra na hakujaendelea mbali. Kama umeshika kuku wagonjwa na ndani ya wiki moja, siku kumi hivi ukapata homa, kikohozi, macho mekundu, nenda hospitali na useme hilo neno kuku. Usipolisema utapimwa malaria ukarudishwa nyumbani.

Basi si tuwaue hao ndege, au tukate miti wanayolala?

Hapana jamani. Ukilipua baruti kwenye miti yao wanatawanyika sehemu ishirini na kama wana kirusi umewasaidia kukisambaza. Na mbu wa mwaloni nani atakula? Cha kufanya ni kuwatenganisha na kuku wako, basi.

Chanjo ipo?

Ipo duniani. China, Misri na Vietnam wamechanja miaka mingi, Ufaransa walianza kuchanja bata wao Oktoba 2023 baada ya kuua mamilioni. Shida yake kuku aliyechanjwa anaweza kubeba kirusi kimya kimya, nchi nyingine zinakataa kununua nyama yako, na lazima upime pime muda wote. Ni uamuzi wa serikali, sio wa duka la dawa. Chanjo ya mdondo, ile ya tone jichoni, haizuii mafua ya ndege hata kidogo, ila chanja hivyo hivyo, kwanza mdondo ndio unaotuua kila mwaka, pili kuku waliochanjwa wakianza kufa utashtuka mapema kwamba hiki ni kingine.

Nina kuku ishirini nyuma ya nyumba, hayo mambo ya kinga ya shamba nayaweza wapi?

Mimi niliacha kuyaita kwa jina kubwa. Nina malapa ya bandani, mekundu, hayatoki nje ya geti la banda, na ya nje hayaingii. Mchuuzi akija tunaongelea nje namletea kuku hapo hapo. Maji ni ya bomba, na nikilazimika kutumia ya ziwa natia dawa ya kuulia vijidudu naacha yakae. Juu ya wigo kuna wavu wa zamani wa dagaa, ulitoboka haufai kuvulia, shomoro wakubwa na yangeyange hawapiti. Bata wana banda lao na karai lao la kuogelea, walilia siku tatu wakazoea. Kuku mgeni anakaa peke yake siku 14 upande wa pili wa nyumba, nawalisha wa zamani kwanza, yeye mwisho. Sabuni ya unga na maji inatosha mambo mengi maana kirusi hiki kina koti la mafuta na sabuni inalichana, kikubwa usugue kinyesi kitoke kwanza, ukipulizia dawa juu ya kinyesi umeosha kinyesi tu.

Na tenga siazimi tena. Nilinunua la plastiki, linaoshwa kwa brashi mpaka kwenye kona. Jana jirani kaja kuniazima nikamwambia chukua, ila likirudi liko chafu nakuonyesha brashi ilipo, akacheka, akalichukua.